Milioni Moja na Tisa

Jumapili, 8 Juni 2025
Hospitali ya Gonja, wodini kwa Baba. Upasuaji wa tumbo ni Alhamisi. Nilidhani ataniagiza habari za mbuzi wake — wapi! Anauliza kuhusu namba yangu. 1,000,009. Alinipa nilipozaliwa, kwa kuwa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ndiyo shida ya kuzaliwa na mwalimu wa hesabu. Aliichonga kwenye fremu ya mlango nyumbani Mhezi, ipo mpaka leo.

Sasa anasema hana uhakika! Enzi zile alikuwa akigawanya shambani, akijaribu namba moja baada ya nyingine huku anasubiri zamu yetu ya maji. Siku moja bwawa likafunguliwa katikati ya hesabu. Akatupa kalamu, akakamata jembe — ukichelewa, maji yanaenda kwa jirani. Kesho yake akaendelea na namba inayofuata. Aliruka ipi? Hakumbuki. Anataka jibu kabla hajaingia kupasuliwa. Na nisitumie simu!

Jumatatu, 9 Juni
Kwa 7 inabaki 3. Kwa 11 inabaki 10. Kwa 13 inabaki 10. Mbele huko, kwa 37 — kumi tena! Kwa nini? Nimewaza mpaka chai imepoa. Kumbe 999,999 inagawanyika kwa zote hizo, na kutoka hapo hadi kwangu ni kumi tu. Hata ile 3 ni kumi iliyotolewa saba. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 11 Juni
293. Haibaki kitu!
Nimerudia, nimerudia tena. 293 mara 3,413. Kamili.
Kwanza nilifurahi. Halafu ikaniuma. Maisha yangu yote natamba na namba hii. Kaka Asheri kasema kwa simu nimfiche mzee, aingie akiwa na amani. Naogopa. Lakini Baba nitamdanganyaje kwenye hesabu? Atauliza imebaki ngapi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: Baba, inagawanyika, kwa 293. Akafumba macho. Nikajuta, nikasema moyoni Asheri alikuwa sahihi.

Kisha akapiga godoro kwa kiganja. Ndiyo hiyo hiyo! Maji yalimkuta hapo! Na mwenzake ni nani? Nikamtajia 3,413. Akajiinua kwa kiwiko — na huyo je, anagawanyika? Sijajaribu, Baba. Basi tuanze, akasema.

Tukafanya kwa kichwa, yeye anagawanya, mimi nahakiki. Saba, inabaki nne. Kumi na moja, tatu. Kumi na tatu, saba. Kumi na saba, kumi na tatu. Kumi na tisa, kumi na mbili. Manesi wakaingia na kitanda cha magurudumu. Akanishika mkono kwa nguvu. Nisiendelee bila yeye.

Saa nane sasa. Mlango wa chumba cha upasuaji bado umefungwa. Inayofuata ni 23. Sijaigusa.