Nondo Zisipande Mashuani

Kismayo,
Jumatano, baada ya alasiri

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: naiogopa nyumba ninamolelewa kwa mapenzi.

Nimelitanguliza kabla ya salamu, niwie radhi. Unanijua. Nikianza na salamu nitaimaliza karatasi nikiwajulia hali, nitie sahihi, na lenyewe libaki moyoni. Sasa limeshaandikwa. Haya, u hali gani mamangu? Mguu wa Bibi umepungua uvimbe? Baba akirudi baharini bado huingia na mchanga wake ndani, ukamgombeza? Mimi ni mzima, nakula, shule naendelea. Darasani wameshazoea kimya changu. Hodan wa dawati langu hunisemea kwa mwalimu utadhani mimi ni mgonjwa wake.

Habari yenyewe ni ya nyumba. Juzi Baba alipopiga simu kutoka huko kwetu kisiwani Ngumi kusema ukuta wa Bibi utabomolewa, mjenge kwa matofali ya saruji na nguzo za nondo kama hizi za Ami Athumani, nilikuwa papo hapo. Ami huweka sauti kubwa tusikie sote. Baba akamuuliza, "Ndugu yangu, nguzo zako zi hali gani siku hizi?"

"Zi kama siku ya kwanza," Ami akajibu. "Nondo nitaleta mimi, ni zawadi yangu kwa mama. Zitapanda mashua ya Jumamosi."

"Na Mwanakheri yupo? Mbona simsikii?"

"Yupo, anakula. Mchu wa Ngumi akiona wali hasemi."

Wakacheka wote, maana Ami akitania hurudia "mchu" wa kwetu badala ya "mtu". Mimi niliutazama wali.

Mama, nguzo zile si kama siku ya kwanza. Kabla ya Idi, mke wa Ami, Bi Halima, alinituma nipanguse baraza kwa sababu ya wageni. Nilipopitisha kitambaa kwenye nguzo ya kona, pande la lipu likanidondokea mguuni. Ndani nondo ilikuwa nyekundu, imevimba, inamenyeka kama mkate uliokauka. Ukiigusa wabaki unga kidoleni. Ami akaja, akaitazama, akanitazama na mimi. Hakunigombeza. Alisema taratibu, "Niletee ile rangi ya buluu, mwanangu. Na mambo ya nyumba huwa ya nyumba." Tukaziba, tukapaka. Imepasuka tena pale pale, tukapaka tena. Na nguzo hiyo ndiyo iliyoshika upande mmoja wa dari ya chumba ninacholala na watoto wake.

Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha jinsi chuma kinavyoingia kutu kwa chumvi kikavimba, kikapasua zege kwa ndani. Aliandika ubaoni kwa Kiingereza, akaeleza kwa Kisomali. Nilielewa kwa lugha zote mbili. Kumwambia Ami sikuweza kwa yoyote, hata kwa hii yetu.

Nilijikaza nikamuuliza Bi Halima walijenga vipi. Akanieleza kwa fahari kwamba mchanga waliuchota ufuoni, lakini hawakuutia hivi hivi. "Ami yako aliuosha mwenyewe, ndoo kwa ndoo, mpaka mgongo ukamkatika." Kwa maji gani? Ya kisima cha uani. Mama, maji ya kisima hiki hatuyanywi. Ukipikia chai utaitema. Maskini Ami, aliosha chumvi kwa chumvi.

Na nyinyi huko Ngumi mchanga mtauchota wapi, kama si ufuoni? Mtauosha kwa kisima kipi?

Ukuta wa Bibi ni mawe ya tumbawe na chokaa. Chokaa ikibanduka, mtu hupaka nyingine, basi. Mchana ukiuegemea wapoa mgongo. Huku ukuta wa matofali ukishapigwa na jua, mpaka isha bado watoa joto kama tanuri. Kilichooza kwa Bibi ni boriti za baraza, zile zilizochimbiwa ardhini mchwa wakazila. Basi Baba abadilishe boriti, ukuta auache. Mpya azizike kwanza matopeni, maji yajae na kupwa juu yake, kama afanyavyo mbao za mashua. Kisha azisimamishe juu ya jiwe, zisiguse udongo. Akiwa hawezi kuishi bila saruji, iwe sakafu tu, isiyo na nondo, kwa maji ya mvua.

Naandika haya najiona kama ninayemla nyama Ami yangu. Ndiye aliyenichukua nisome. Akienda sokoni hanisahau, japo kipande cha halwa. Sasa zawadi yake kwa mama yake naisema vibaya, tena kwa siri, kwa barua atakayobeba jirani yenu akirudi huko Ijumaa.

Nasikia kandambili zake ukumbini. Siku zote mimi huifunika karatasi kwa kitabu cha jiografia. Zinakuja huku. Mkono umeshakishika kitabu.

Nimekirudisha. Na asome.

Naendelea, Mama. Alisoma amesimama, kisha akakaa kitandani. Akaniuliza, "Umeandika waiogopa?"

"Naam, Ami."

Alinirudishia karatasi. Halafu akasema, "Na mimi."

Amesema hapiti barazani bila kuitazama ile kona. Aliona haya kumwambia ndugu yake, maana aliwaaga nyote akisema anakwenda mjini kujenga nyumba isiyozeeka. Nondo hazipandi mashuani. Boriti atazifuata mwenyewe kwenye mikoko ya Burgao, aje nazo. Baba asibomoe hata jiwe moja, aanze kuchoma chokaa tu. Watoto na mimi tunahamia chumba cha mbele sasa hivi. Bi Halima anakunja mikeka huku akiuliza kumezuka nini, naye Ami anamjibu, "Kumezuka fundi. Kimya kimya hivi, kumbe anatukagua."

Mpe Bibi mkono wangu, umwambie ukuta wake nimeutetea. Msalimie shangazi mwenye duka, na mdogo wangu, asichezee jembe la Baba. Baba asome barua hii mwenyewe, asisomewe.

Nilimuuliza Ami kama niandike upya, niondoe yale ya rangi ya buluu. Amesema nisifute kitu.

Mwanao akupendaye,
Mwanakheri