Shukrani Zako za Jioni, Baba Kabula

Mpendwa Baba Kabula,

Tangu tukuzike nimekuwa nikiongea na wewe kichwani, hasa nikiwa napika. Leo nimeona niandike, na niandike wazi, maana wapo watu hapa Butimba ambao bado wananiuliza uliishije bila dini, nami nashindwa kuwajibu kwa neno moja.

Tulipooana bomani, mama yangu alilia, na si kwa furaha. Binti wa kwaya kaolewa na mtu asiyesali! Mimi nilikuwa nimekuuliza mapema, ukanijibu bila kuzunguka: "Siwezi kutamka kitu ambacho moyoni hakipo. Nitakuwa namdanganya huyo Mungu wako, na wewe pia." Nilikupendea hilo, ingawa liliniogopesha.

Halafu nikaja kuiona ile desturi yako. Ulikuwa unarudi kutoka kiwanda cha nguo na nyuzi za pamba kwenye nywele, unanawa miguu, unakaa kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba. Nikikuletea chai unasema, "Ngoja kwanza niipitie siku." Kisha unaniambia. Leo mama muuza uji pale getini kaniwekea kikombe, alijua nimechelewa. Leo Masanja, yule kibarua mgeni, kanishikia taa wakati nafungua mtambo, hakuiachia mpaka nilipomaliza. Vitu vya namna hiyo. Na kama kuna mtu ulimkwaza, hilo nalo ulilisema.

Nilikuuliza mara moja, "Sasa unamshukuru nani, kama huamini?"

"Aliyefanya," ukasema.

Kumbe hukuishia kwangu. Kesho yake ulikuwa unamfuata mtu mwenyewe unamwambia. Hilo sikulijua kwa miaka.

Ikaja ile miaka ya mageuzi ya uchumi. Mitumba ilijaa sokoni, watu wakaacha vitenge vya kiwanda chenu, mitambo ikawa inawashwa kwa zamu. Siku mlipoambiwa mmepunguzwa kazi ulirudi mchana, jua bado kali, ukaenda kukaa pale kwenye jiwe. Nilikuletea chai nikangoja. Ukasema, "Leo sina." Kesho yake, "Sina." Baadaye ukaacha hata kwenda kukaa. Ulikuwa unalala mchana umegeukia ukutani, na Kabula, ambaye alikuwa bado mdogo, akawa anatembea ndani kwa ncha za vidole ili asikuamshe. Mimi nilianza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, na kuuza barabarani. Nilikuwa naomba kila siku. Sikuomba upate imani, Baba Kabula. Niliomba tu uipate tena ile sauti yako ya jioni.

Siku ile ulipovuka ziwa kwenda Kamanga kuulizia kazi ya mashine ya kusaga, ulirudi huna kazi. Nilijiandaa kusikia tena "Sina." Ukanywa maji, ukaniambia: "Kule kivukoni nilikuwa nimesimama naangalia maji. Kuna mama anauza ndizi, kanisogezea kigoda. Hakuniuliza kitu. Nimekaa pale mpaka kivuko kikaja."

"Ulimshukuru?" nikakuuliza.

"Nilishindwa kuongea. Nitarudi."

Na kweli ulirudi. Ulivuka tena kwa ajili ya hilo tu, na huyo mama ndiye aliyekuelekeza kwa kaka yake mwenye mashine kule Sengerema. Mtu akisikia atasema ulilipwa kwa shukrani yako. Wewe ulikataa kusema hivyo. Ulisema hata kama usingepata kazi, kigoda kingebaki kigoda.

Figo zilipokuangusha, mama yako alikuja kutoka Buswelu na mchungaji wake. Nilisimama mlangoni sijui niwaruhusu au niwazuie. Ulimsikiliza mchungaji mpaka mwisho, ukamshukuru kwa kutembea jua lile lote, ukamwambia, "Lakini nikikubali sasa, nitakuwa nimekubali kwa sababu ya maumivu." Mchungaji akakaa, akakushika mkono, mkaongelea mihogo. Mama yako alitoka nje akalia.

Sasa nikuambie usilolijua: siku ya mazishi. Mchungaji alikuja kama mwombolezaji wa kawaida, akasema kwa masikitiko kwamba hawezi kuendesha ibada kwa mtu aliyeikataa imani akiwa na akili timamu. Hivyo tulikuwa tumesimama kaburini, hakuna wa kuanza. Watu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Nilisikia aibu inanipanda, nikajua kesho itasemwa kwamba ulizikwa kama mtu asiye na watu.

Ndipo Masanja akasogea mbele. Akasema, "Huyu alinifuata nyumbani kunishukuru kwa kushika taa. Nilikuwa kibarua mgeni, nimepanga kuacha kazi kesho yake." Mama wa uji akasema lake. Yule mama wa ndizi alikuwa amevuka ziwa. Sikumjua mpaka aliposema. Wakaendelea mmoja mmoja, wengine kwa Kisukuma, hata mtu uliyewahi kugombana naye kwenye mpaka wa shamba, akasema uliwahi kwenda kumwomba radhi naye akakufungia mlango.

Wa mwisho alikuwa mama yako. Alishikwa mkono mpaka ukingoni. "Nilimwombea mwanangu aokoke," akasema. "Aliniambia wazi haamini. Halafu kila mwaka alikuwa anakuja Buswelu kunishukuru: wabeja, mama, kwa kuniombea." Akaliangalia kaburi. "Mimi sijui yuko wapi sasa. Mungu mwenyewe atajua la kufanya naye." Akachukua udongo, akatupia.

Mimi bado naimba kwaya. Kabula hasali, amefuata upande wako, nami nimemwacha. Lakini jioni tunakaa wote wawili, kila mmoja anaipitia siku yake kwa sauti. Mwanzoni nilikuwa nasema "sina", naye hakunilazimisha. Zipo siku hata sasa nakuwa na hasira na wewe kwa kuniacha, na hilo nalo nalisema.

Leo nimetoka Buswelu. Mama yako hanitambui vizuri tena, ananiita kwa jina la dada yake. Alinimenyea chungwa, akanipa vipande vyote, yeye akabaki na maganda mkononi. Nilitaka kungoja jioni nimsimulie Kabula, nikaona hapana. Nikamshika mkono nikamwambia, wabeja, mama.

Akaniuliza, "Ya nini?"

Nikakaa chini nikamweleza.

Pumzika, mume wangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Kabula