Disketi Niliyoificha Kipkelion Wakati wa Karantini

Dada Marcella wa gazetini, nakusalimu kwa lugha yetu, chamgei. Kwa kawaida mimi ndiye hupewa shida za watu nizitatue, kwa hivyo ukiona nimeshika kalamu jua maji yamenifika shingoni, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunicheka.

Naitwa Kipkurui, nafanya kazi kwa ofisi ya kiwanda cha majani chai huku Boito. Shule niliiacha Form Two, au yenyewe iliniacha, hiyo tusiulizane, lakini mimi ndiye naingiza kilo za wakulima kwa kompyuta, naandika na vidole viwili na wenye kumi wananitafuta na tochi. Kompyuta zetu ni nne, zimeunganishwa na waya, kile unaandika kwa moja kinaonekana kwa zingine, kama majirani wanaoteka mto mmoja.

Mkubwa wa kompyuta ni Madam Beldina, mtu wa kutoka upande wa ziwa, na Dada, huyo mama ni moto. Asubuhi moja mwezi uliopita aliwasha kompyuta, mimi sikuona kitu, meneja hakuona kitu, yeye akainamisha kichwa kama mtu anasikiliza ng'ombe akicheua, akasema, "Hii imechelewa kuamka." Akaangalia programu moja moja, akakuta zimenenepa na hakuna mtu alikuwa amezilisha. Hapo hapo akaanza kung'oa waya. Meneja akatoka mbio, maana siku hiyo tulikuwa na wageni wa kununua majani, akamwambia, "Beldina, unaniaibisha mbele ya watu," na yeye hata hakugeuka, akasema, "Wacha nitoe waya kwanza, Mzee. Kunifuta utanifuta hata kesho." Nilitaka kupiga makofi lakini mdomo ulikuwa umebaki wazi na mikono ikasahau.

Ilikuwa virusi, yaani programu mbaya inayojinakili yenyewe, inatoka kwa disketi inaingia kwa kompyuta, halafu inapitia waya kwenda kwa jirani. Momanyi wa geti kusikia hivyo akakataa kushika mlango wa ofisi bila glavu. Madam akachukua kompyuta moja mzee, akaitenga peke yake, akaanza kuisongeza tarehe mbele, siku moja, siku nyingine, na sisi nyuma yake kimya kama watu wanangoja ng'ombe azae, na ilipofika tarehe kumi na tano mwezi wa sita kioo kikawa cheusi na kila kitu ndani kikafutika. Akageuka, akasema polepole, "Sasa tunajua siku yake." Dada, babu yangu alikuwa na hadithi nyingi za wanaume waliovizia chui, lakini sijasikia mtu aliyemvizia adui kwa kalenda.

Basi akatangaza karantini, hilo neno alilitoa kwa mtu wa mifugo aliyekuwa amefunga soko letu la ng'ombe kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Disketi zote ziletwe kwake, hakuna ya kutoka, hakuna ya kuingia, ikipatikana mgonjwa inafutwa yote. Na askari wa karantini akanichagua mimi, watu wa Form Four wakiwa wamekaa hapo. Akasema, "Kipkurui ana mdomo, lakini ana macho." Wiki nzima nilitembea nikiwa mrefu.

Sasa yeye si wa huku, hakujua Mkipsigis akisikia karantini anafanya nini. Kitu ya kwanza ni kutafuta mtu wa kumpelekea ng'ombe. Tuna hata desturi yake, kimanagan, unampa rafiki ng'ombe akufugie, yeye anakunywa maziwa, na ugonjwa ukija kwako haukumalizii zote. Mimi nilikuwa na disketi yangu ya mchezo wa ndege za vita, na ndani jina langu liko juu kabisa kwa alama, huku kwetu Konoin nzima hakuna aliyenifikia, na ikifutwa nani ataamini? Rafiki yangu Clifford alikuwa amekuja na timu ya mpira ya ushirika wa maziwa wa Kipkelion, anafanya kazi kwa ofisi yao. Nikamwambia, "Nichungie huyu." Akacheka, akaiweka kwa soksi.

Hiyo disketi haikupita kwa Madam, na nilikuwa nimeicheza kwa kompyuta yangu kila saa ya chakula. Clifford namjua, hawezi kukaa na mchezo bila kuucheza, na kompyuta za Kipkelion zina waya kama zetu, ndani kuna rekodi za ng'ombe na maziwa ya wakulima wote wa kule, na ile tarehe inakuja. Nikisema, zile sifa Madam alinipa zinakufa. Nikinyamaza, labda yangu haikuwa mgonjwa, mimi ni mtu wa bahati. Ama niende Kipkelion kimya kimya niichukue, mambo yaishe? Nishauri, lakini usiniambie nimwambie Madam.

Kipkurui, Boito

*

Kipkurui, mwambie Madam.

Sasa tumemaliza lile ulilonikataza, tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya Beldina. Mtu wa kusikia mashine imechelewa kuamka, akang'oa waya wageni wakitazama, halafu akamtafuta adui mpaka akajua siku atakayoamka, huyo hapatikani katika kila ofisi. Wewe umepata bahati ya kukaa meza ya pili kutoka kwake. Na hata wewe nitakusifu kidogo, lakini kaa chini kwanza: uliyaona aliyoyafanya, na umeyaeleza vizuri. Ndiyo maana alikuchagua. Hakukuchagua kwa sababu huna makosa. Alikuchagua kwa sababu unaona, na askari aliyeona akanyamaza ni mlango uliolegea.

Kimanagan naijua, mume wangu ni Mkipsigis wa Litein. Ng'ombe hupelekwa kwa rafiki akiwa mzima. Ukimpeleka baada ya kulala zizi moja na wagonjwa, hiyo si kimanagan, umempelekea rafiki yako ugonjwa ukiwa na kamba yake. Babu yako angekuchapa.

Na hii habari ya kwenda kimya kimya, sahau. Madam wako amekufundisha kwamba kitu hicho hujinakili. Ungerudi Boito na disketi mfukoni ukipiga mluzi, na virusi vimebaki Kipkelion vikihesabu siku.

Gazeti hili hufika kwenu likiwa limechoka, na tarehe kumi na tano haisomi gazeti. Kwa hivyo sikungoja. Nilipiga simu kwa ushirika wa Kipkelion nikamwomba Clifford.

"Ule mchezo wa Kipkurui, umeucheza?"

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nimempita."

Pole, kijana. Zile alama ulizoficha hazipo juu tena. Nikamwambia Clifford atoe waya zote, azime kompyuta zote, asiwashe hata moja mpaka aje mtu anayejua. Akakubali, na sauti yake ikawa ndogo. Halafu akaongeza kwamba alimnakilia binamu yake mchezo huo, na binamu yuko ofisini Bomet. Nikamwagiza ampigie simu hapo hapo, naye azime za kwake.

Namba ya kiwanda chenu pia ninayo. Hiyo sikuipiga, nimekuachia wewe. Ukifika mwisho wa ukurasa huu, kunja gazeti, nenda kwenye meza ya Beldina. Usianze na "Madam, kuna mtu fulani." Anza na neno "mimi." Mwambie disketi ni ya nani, iko wapi, na iliingia kompyuta gani, kwa sababu hayo ndiyo atakayoyahitaji ili afanye kazi. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Halafu mwombe mwende pamoja Kipkelion, kisha Bomet, wewe ukibeba disketi zake za dawa ya virusi, na ukimwangalia mikono anavyofanya, ili siku nyingine uweze bila yeye.

Ng'ombe wako amezaa, Kipkurui. Na kwa desturi yenu, ndama wa kimanagan ni wa mwenye ng'ombe. Kawalete wote nyumbani.

Marcella