Alhamdulillahi Si Namba

Mama,

Supu ya dengu iko jikoni, ipashe tu. Khalti Mabrouka, dada yako, atakupitia na gari saa nne mwende kliniki Sfax. Fomu yako ya daktari nimeichana. Ndiyo, kwa hasira.

Wiki sita tumekaa pamoja kwenye darasa la baridi yabisi. Ukajifunza kubonyeza kila kiungo na kuyapa maumivu namba, sifuri hadi kumi. Leo asubuhi nakuta sifuri kila mahali! Nilipouliza, ukanijibu, "Sasa niandike kumi, we mtoto? Nimshtaki Mola wangu kwa daktari?" Na muda mfupi kabla nilikuona ukifungua chupa ya zeituni kwa meno.

Alhamdulillahi si namba, Mama. Mola anavijua vidole vyako bila fomu. Daktari havijui. Akiona sifuri atakupunguzia dawa, kama mara ile uliposhindwa kuinuka kitandani wiki nzima.

~~Ukiandika sifuri tena, sirudi nyumbani.~~ Nitarudi saa tisa.

Fomu mpya iko chini ya sahani ya tende. Kalamu nimeiacha bila kifuniko, maana najua huwezi kukivua.

Kitinda mimba wako