Meza Itafungwa Baada ya Siku Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Mchezo wetu wa drafti mtandaoni umekatika saa kumi na dakika mbili alasiri, kete yangu ikiwa hewani. "Hitilafu ya muunganisho. Jaribu tena." Nimejaribu tena mara kumi na saba. Kampuni ya mtandao ni genge la wezi, na ndivyo nitakavyoliandika kwenye safu yangu ya Ijumaa.

Kibaya zaidi, nilikuwa nashindwa. Dada ana kingi mbili. Mimi nina kete tatu, zimebanwa pembeni kama watuhumiwa. Sasa kwake kioo kinasemaje? "Mpinzani ameondoka." Ameondoka! Utotoni nikiona nakaribia kufungwa nilikuwa napindua ubao. Hakuna alijuaye hilo vizuri kuliko yeye. Ndiye aliyekuwa akiokota kete uvunguni.

Jumanne, 5 Machi

Huduma kwa wateja. Dakika arobaini za muziki wa kengele, kisha binti mwenye sauti ya asali: "Mpendwa mteja, zima kifaa, hesabu hadi thelathini, washa." Nikamwambia mimi si mpendwa wake. Akasema sawa, mpendwa, hesabu.

Nimehesabu. Nimehamisha ruta kutoka sebuleni hadi juu ya kabati la vyombo. Nimebadili waya. Magazeti yanafunguka, barua zinakwenda, hata tangazo la dawa ya upara linanifikia bila kupotea njia. Mchezo tu — kimya.

Mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Bila kuinua macho akauliza kwa nini nisimpigie dada simu. Nimpigie niseme nini? "Sema hujambo. Watu husema."

Rahisi kwake. Miaka mitatu sijasemezana na dada yangu. Niliandika makala kuhusu viboko katika shule aliyokuwa mwalimu mkuu. Sikumwonya. Akaisoma gazetini pamoja na wazazi wa wanafunzi. Mwezi haukuisha, wakamwondoa. Baada ya miezi minne ukaja mwaliko wa drafti, bila salamu. Nikaupokea, bila salamu. Tangu hapo, kila siku saa kumi, kete kwa kete. Kando ya ubao kuna kisanduku cha ujumbe. Hakuna aliyekigusa.

Mwenye busara ataita huo wazimu. Mimi naita undugu, maana ndio uliobaki.

Alhamisi, 7 Machi

Simu yangu ni ya vibonyezo, kwa msimamo. Nimeazima ya mke wangu. Mchezo umefunguka papo hapo! Kisha unataka nywila. Siikumbuki. Wanaweza kunitumia nyingine — kwenye anwani ya barua pepe ya gazeti nililoliacha kwa kubamiza mlango.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Milango yote unaibamiza wewe, halafu unauliza nani kafunga."

Nimesoma masharti ya mchezo, kurasa kumi na nne. Huenda mimi ni binadamu wa kwanza. Kifungu cha tisa: mchezaji asiporudi kwa siku kumi, meza hufungwa na jozi huvunjwa. Yaani hadi tarehe kumi na nne. Mwaliko mpya dada hatautuma. Namjua. Alishanyoosha mkono mara moja.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi safu yangu imetoka: "Wezi wa Nyaya." Mhariri amepiga simu, wasomaji wanashangilia. Nilikuwa na furaha hadi saa tano.

Saa tano akaja Mama Bisibisi, fundi wa kompyuta wa mtaa wa nyuma, mwanamke wa rika langu, miwani imening'inia kifuani. Gazeti langu lilikuwa kwapani mwake. Akaiamsha kompyuta, akatazama, akanigeukia.

"Kaka, hii ulisasisha lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia mimi sisasishi. Niliandika kuhusu hilo: kompyuta yangu ni mali yangu, hakuna kampuni itakayoingia usiku kupanga upya samani zangu.

"Niliisoma. Tamu sana. Basi hao wa mchezo wamebadilisha kufuli, na wewe bado una ufunguo wa zamani. Mtandao wako mzima kama kigori."

"Kwa hiyo kampuni ya mtandao..."

"Haina kosa." Akalikunjua gazeti, akalilaza mezani taratibu. "Ila umewapiga vizuri."

Nilimwambia fundi hodari hufunga mdomo. Akajibu kwamba fundi wa kufunga mdomo ni daktari wa meno.

Si mchezo tu unaotaka toleo jipya. Mchezo mpya unataka mfumo mpya wa kompyuta. Na mfumo mpya hautaweza kufungua programu yangu ya kuandikia, ambayo walioiunda wameshafilisika. Ndani yake mna makala za miaka kumi na minane. Lazima zitolewe kwanza, moja moja, kwa mkono: fungua, nakili, bandika, hifadhi. Ni mia tisa na kumi na moja.

Na siku zimebaki sita.

Jumapili, 10 Machi

Mia tatu na nne. Mgongo umekwisha.

Nagundua sijawahi kujisoma. Waziri — mpumbavu. Askofu — mpumbavu. Mhariri wangu wa kwanza — mpumbavu aliyesoma. Nani aliyebaki? Ningekuwa adui yangu ningeniogopa. Ningekuwa rafiki yangu ningehama.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimeifikia ile ya shule. Nilitaka kunakili bila kusoma. Nimesoma.

Kila nukta ni kweli. Watoto walipigwa, yeye alijua, alinyamaza. Singefuta neno. Isipokuwa sentensi moja, ya mwisho kabisa: kwamba mwanamke huyu alijifunza kupiga kwa kulea wadogo zake.

Hakuwahi kunipiga. Hata mara moja. Mama alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na sita, na alinilea kwa mikono hiyo hiyo. Niliiweka sentensi ile kwa sababu makala ilihitaji mwisho mkali. Ilikuwa saa ya kupeleka kazi, nilikuwa na haraka, na ilisikika vizuri.

Kuandika kuhusu viboko kulikuwa haki yangu. Uongo ndio niliomwekea yeye, na ndio watu walioukariri.

Leo sikunakili nyingine.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwita Mama Bisibisi asubuhi. Zimebaki mia nne na kitu, hazijanakiliwa. Nikamwambia aweke mfumo mpya.

"Hizo nyingine zitapotea, kaka. Nisije kusoma gazetini kwamba Mama Bisibisi ni mwizi wa makala."

"Weka."

Alinitazama, safari hii bila mzaha, akaweka. Saa tatu nzima za kusubiri mstari ujae. Akaondoka baada ya kula viazi na kumsimulia mke wangu mambo yangu yote.

Saa kumi kasoro robo mchezo umefunguka. Rangi mpya, vitufe vimehamishwa, kelele tupu. Sikujali. Nikatafuta meza yetu. Bado ipo!

Lakini mchezo umekwisha. Juu ya ubao: "Mpinzani wako amejitoa. Umeshinda."

Tarehe saba alijitoa. Mwenye kingi mbili! Hatua mbili tu abane kete zangu zote, akabonyeza "najitoa". Mimi sipewi ushindi! Alidhani nimekimbia, akaona bora anipe nisije kuogopa kurudi? Au amechoka? Hii ni huruma au ni kwaheri? Kioo hakisemi.

Mke wangu amepita nyuma yangu, akasoma, akasema tu: "Dada yako huyo." Akaenda.

Nimefungua kisanduku cha ujumbe. Kinaruhusu herufi mia moja na ishirini. Mimi ninayeandika maneno elfu mbili kwa wiki! Nimeandika: programu yangu ilikuwa ya zamani. Nimefuta. Nimeandika: sikukimbia. Nimefuta, maana la kusema leo si hilo. Nimeandika: ile sentensi ya mwisho ilikuwa uongo. Hiyo nimeiacha.

Nafasi imebaki. "Samahani" linaingia, na pengo bado linabaki. Nimeandika nusu yake, nikainuka kwenda kufunga dirisha. Nje hakuna hata upepo.

Nimerudi. Kando ya jina lake taa imekuwa ya kijani: yupo mezani.