Namba Niliyompa Fundi

Jumanne usiku

Na nilimpa mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Asubuhi kioo cha simu kilipasuka, nikaipeleka kwa fundi pale Kondele. Akasema, "Mama, niachie namba ya siri, nione kama kioo kipya kinafanya kazi." Kila mtu humpa. Nikamtajia mbele ya wateja wengine, nikaenda zangu sokoni kununua omena, dagaa wa ziwani.

Mwezi jana binti yangu Achieng aliniwekea ile programu ya kutunza nywila. Nilikuwa natumia nywila moja kila mahali, akanigombeza sana. "Sasa kila akaunti ina yake, tena ngumu. Wewe mama kumbuka moja tu, ya kufungua programu."

Programu ni nzuri, sibishi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilala bila wasiwasi. Lakini hiyo moja ya kukumbuka, niliweka namba ileile ya kufungulia simu. Kichwa hiki changu!

Benki, barua pepe, picha za wajukuu, kila kitu kimo humo. Fundi alikaa na simu mpaka jioni.

Nimekuwa nikibadilisha nywila moja baada ya nyingine. Hakuna kilichoguswa. Bado.

Najiambia yule ni kijana mwenye adabu. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, akitabasamu. "Iko sawa kabisa, Mama. Msalimie Achieng."

Nikamjibu asante, nikaondoka nimefurahi.

Mimi sikumtajia jina la mtoto wangu.