Karatasi ya Vipimo ya Mama Yako

Chumba cha nne, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Tarehe 14 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, mkeo na yule mdogo anayeota meno. Mimi nipo. Magoti yamegoma kupanda ngazi, ila macho bado yanasoma. Harufu ya sabuni inaingia dirishani kama kawaida, kwa hiyo tunanukia usafi hata msibani.

Umeniandikia kurasa tatu kuuliza jambo moja: kama mama yako aliomba chochote kabla ya kufa. Shangazi zako wamekuambia alizimika taratibu kama taa. Wametia asali. Nina miaka sitini na moja ugenini, na najua aliye mbali hulishwa habari tamu. Mimi sitakulisha.

Uvimbe wa tumbo ulikuwa umemmaliza hadi vidole havishiki sindano. Daktari alimpa miezi michache, yote ya maumivu. Akakaa naye mara tatu, akamhoji uamuzi wake kwa kila upande, na mara zote mama yako akajibu, akili zake timamu, kwamba ataacha kula na kunywa. Muuguzi akawa anakuja kila asubuhi.

Unakumbuka alivyokuwa kwenye cherehani. Kila kitambaa alikichomekea karatasi ya vipimo kwa pini, mteja akatia sahihi. Mteja akibadili maneno baada ya mkasi kupita, alionyeshwa karatasi, kisha mlango. Basi akajiandikia na yake: "Nisipewe chakula wala maji, hata nikiomba." Akatia sahihi, akaichomeka kwenye pazia, akanikabidhi mimi ulinzi. Alisema wengine wote wana huruma za bure.

Siku ya tatu ya kutokula likafika boksi lako la maziwa ya unga. Akachungulia ndani.

"Mwenyewe hakutoshea humu?" akaniuliza.

Tulicheka, na kicheko kikamuumiza mbavu. Ulitaka kujua kama aliomba kitu.

Siku ya sita, saa nane mchana, midomo imepasuka, akasema, "Mdogo wangu, nipe maji."

Nilikuwa nimeshika pamba yenye unyevu ya kumpangusia midomo. Nikaiweka chini. Nikachomoa ile karatasi, nikamsomea neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Aliyeandika hayo hakuwa na kiu," akasema.

Nikamwambia sahihi ni yake. Akageukia ukuta, na hakuniomba tena. Alikufa kesho yake, kabla ya saa sita mchana.

Nilimsimulia muuguzi nikitarajia sifa. Aliacha kukunja shuka.

"Mzee, karatasi ilikuwa yake, si yako. Akiomba, unamuuliza tena. Akitaka, anapewa. Nilikuambia siku ya kwanza."

Kweli aliniambia. Nilikuwa nasoma gazeti.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Siku ya pili ya kukimbia kwetu kuja huku ugenini, mimi nikiwa na miaka tisa na yeye kumi na minne, chupa ilibaki na funda moja la maji. Alininywesha mimi, yeye akalamba kifuniko. Hakunisomea kitu.

Cherehani yake ni yako. Njoo uichukue, au usije, umezoea. Karatasi nimeitia ndani ya bahasha hii; tundu la pini lipo bado.

Nisalimie mkeo, dada yako mkubwa, na kaka yako fundi bomba, ambaye naye hatukumwona. Mbusu huyo mdogo kwa niaba ya bibi yake.

Mungu akulinde huko uliko, na siku yako ikifika, akujalie mlinzi asiyejua kusoma.

Wako akupendaye, utake usitake,

Mjomba